Pepeo za Mtaa wa Plum

Joto la mji wa Mobile mwezi wa nane halina adabu. Linaingia asubuhi bila hodi, linakaa sebuleni kama shemeji, na jioni ukidhani limeondoka kumbe limekutangulia kitandani. Verlene Tolliver alikuwa amelivumilia miaka sabini na tisa. Jumatano ile alilivumilia tena, akatembea mpaka ofisi ya kumbukumbu ya mji akiwa amevaa kofia yake ya kanisani, maana alikwenda kwa shughuli ya marehemu baba yake, na shughuli ya baba haiendewi kichwa wazi.

Shughuli yenyewe ilikuwa hii. Chini ya barabara kuu, pale ambapo zamani palikuwa mtaa wa watu weusi ulioitwa Bondeni, ilikuwa inatengenezwa bustani ndogo. Katikati ya bustani litasimamishwa jiwe lenye majina ya wote waliokuwa na duka au kazi yao Bondeni kabla matingatinga hayajaja mwaka wa sitini na sita. Majina arobaini na moja yalikwisha kupatikana: kinyozi, mshona viatu, daktari wa meno, mpaka yule mlevi aliyekuwa akikaanga kambare chini ya mti. Jina la Ambrose Tolliver, muuza barafu, halikuwamo.

"Bi Verlene, mimi nakuamini," alisema Leander Dukes, mkusanyaji wa majina, mwanamume wa makamo mwenye upara na sauti ya upole.

"Huko kuniamini kwako nikakufanyie nini? Andika."

"Siwezi kuandika kwa kuamini tu. Kila jina lina karatasi yake. Niletee kitu chochote kilichochapishwa kabla ya sitini na sita, chenye jina na mtaa. Kitabu cha anwani cha zamani kinakomea Mtaa wa Plum namba kumi na tisa. Baada ya hapo, kimya."

"Waliokiandika walichoka miguu. Sisi tulikuwa namba ishirini na saba."

"Picha je?"

"Picha zilikwenda na kimbunga Frederic, mwaka sabini na tisa. Nyumba nzima ilijaa maji mpaka dirishani."

Leander alikuna upara. Alionekana kuumia kweli, na hilo lilimuudhi Verlene zaidi, maana mtu mkorofi ungemgombeza ukapoa.

"Tafuta tafuta, mama. Risiti, bango, kalenda. Fundi wa mawe anaanza kuchonga Ijumaa saa kumi jioni. Akishaanza, jiwe halina kufuta."

Verlene akatoka nje akasimama kivulini, jasho likimtiririka chini ya kofia. Siku mbili. Ni yeye peke yake aliyebaki hai katika watoto wa Tolliver, na hakuwa na mtoto. Mume alikuja akaenda, jina la baba ndilo lililobaki. Akifa yeye bila jina hilo kuandikwa mahali, basi Ambrose Tolliver hakuwahi kuuza hata kijibonge kimoja cha barafu katika dunia hii.

Na kumbe barafu aliiuza! Verlene alilikumbuka vumbi la mbao lililofunika mapande makubwa, ule ubaridi uliokupiga usoni mlango ukifunguliwa, koleo la chuma, watoto wakigombea vipande vilivyoanguka. Wanawake wa Bondeni walisema Julai bila Tolliver ni jehanamu yenye anwani.

Ndipo neno la Leander likamrudia. Kalenda.

"Yesu wangu," alisema kwa sauti, mpaka mpita njia akageuka. "Zile pepeo."

Zamani hizo, kabla ya viyoyozi, hakuna aliyekaa kanisani bila upepeo wa mkono. Ulikuwa karatasi ngumu juu ya kijiti, mbele picha ya watu wanaosali, nyuma tangazo la duka la mtaani au, mara nyingi, la nyumba ya mazishi, ili ukijipepea ukumbuke mwisho wako. Mwaka wa hamsini na nane Ambrose Tolliver alichapisha zake mia mbili. Nyuma aliweka kalenda ya mwaka na jina la duka lake, akazigawa kanisani bure. Watu walimcheka wakachoka. Tolliver, unauza barafu halafu unagawa upepo? Unajiua mwenyewe! Naye akajibu, "Atakayejipepea na jina langu Jumapili, Jumatatu atakuja na ndoo."

Sasa ziko wapi? Hapo ndipo Verlene alipotamani ardhi ipasuke. Mwaka wa sabini na nne kanisa lilifungiwa kiyoyozi. Verlene alikuwa na miaka thelathini, kiongozi wa wahudumu wa kanisa, glavu nyeupe, shingo juu. Alitangaza kwamba mambo ya kizamani yamekwisha, akamwamuru mhudumu mwenzake, Ozella Finch, azikusanye pepeo zote akazitupe jalalani. Ozella alishika moja akauliza, "Na hizi za baba yako?" Baba alikuwa na miaka sita kaburini. Verlene, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, akasema, "Zote."

Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, lakini nani aliwahi kumwambia kitu Verlene Tolliver akiwa amevaa glavu? Kile kiyoyozi chenyewe hakikumaliza miaka miwili. Kilikufa Jumapili ya Pasaka, waumini wakajipepea kwa kofia na viatu vya watoto. Ozella aligeuka tu, akamtazama Verlene kutoka unyayo mpaka utosi, na tangu siku hiyo wawili hao walikaa benchi moja miaka karibu hamsini wakipeana salamu ya kidole.

Alhamisi asubuhi Verlene alikwenda kwa Ozella. Alimkuta barazani akipukuchua kunde, bakuli mapajani, feni ikimpulizia miguu. Ozella alikuwa na miaka themanini na mbili na macho yaliyoona kila kitu isipokuwa taa nyekundu za barabarani.

"Hee!" Ozella aliita. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Habari za asubuhi, Ozella."

"Hajafa mtu na Verlene yuko kwangu? Basi dunia ndiyo inakufa. Kaa hapo. Si hicho, hicho ni cha paka."

Verlene akakalia kiti kingine. Alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri, yenye heshima, na yote yakayeyuka. "Zile pepeo," alisema. "Sabini na nne. Nilikwambia ukatupe."

"Uliniambia mbele ya kanisa zima. Kwa kidole. Hivi." Ozella akanyoosha kidole, akabetua midomo, akamwigiza vizuri mno.

"Ulitupa?"

"Kwani niliambiwaje?"

"Ozella, nakuuliza kwa wema."

"Wema wako umekuja umechelewa kama basi la Jumapili." Alitupa maganda ndooni. "Umewahi kuniomba radhi wewe?"

Verlene aliirekebisha kofia yake. Kuomba radhi kwake kulikuwa kama kung'olewa jino la mwisho. Lakini jiwe lilikuwa Ijumaa. Alimweleza mwenzake yote: bustani, majina arobaini na moja, mkaanga kambare, namba kumi na tisa. Alipofika mahali pa kusema kwamba aliamuru jina la baba yake likatupwe na takataka, alilia hapohapo barazani, kofia ikaenda upande.

"Nilikuwa mjinga," alisema. "Ulinionya nikakudharau. Nisamehe, Ozella. Na kama ulitupa, hukukosa wewe, nilikosa mimi."

Ozella aliacha kunde. Alimpa ncha ya aproni ajifutie.

"Sikutupa," alisema. "Nilizipeleka kwa mama yako."

"Kwa Mama?"

"Themanini na kitu, zile zilizokuwa nzima. Akaniambia, usimwambie Verlene, atanisumbua. Nikaapa."

"Na Mama alipokufa? Miaka arobaini na ngapi hii, usiniambie?"

"Uliniuliza?"

Verlene hakuwahi kuuliza.

"Alizifanyia nini? Sijawahi kuona upepeo hata mmoja nyumbani."

"Umeuona, ila hukuutazama. Mama yako Lutie alizikata vipande vya pembe sita, akavishonea vitambaa juu. Lile blanketi la viraka la maua. Lile la mwisho. Usiniambie umelitupa na hilo."

Blanketi lilikuwapo, ndani ya sanduku la mwerezi chini ya kitanda cha Verlene, limefungwa katika foronya. Hakuwahi kulipenda. Lilikuwa halijakamilika, gumu, likikunjwa linalia kama gazeti. Na kisa chake kilikuwa kibaya zaidi. Usiku wa Frederic, maji yakipanda sakafuni, Verlene alimpigia mama yake kelele abebe sanduku la picha. Mama Lutie alitoka na mfuko wa kushonea amejitwika kichwani. Picha za Baba zikaelea hadi ghubani. Verlene alikuwa amempigia makelele ndani ya boti ya waokoaji, mbele ya majirani: Mama, nyumba inazama, wewe umebeba matambara! Mama aliukumbatia mfuko. Alifariki mwaka wa themanini na moja, na Verlene hakuwa amemsamehe sawasawa.

Walikwenda kwa gari la Ozella. Tusiseme mengi kuhusu uendeshaji wa Ozella. Itoshe kusema kwamba Verlene alisali zaburi mbili na nusu, na kwamba sanduku la barua la jirani sasa linaelekea upande mwingine.

Jikoni walilitandaza blanketi juu ya meza, mgongo juu. Lilikuwa na vipande mia kadhaa, kila kimoja na karatasi yake ndani, na kilichoonekana kilikuwa upande wa picha tu: hapa mkono, pale rangi ya bluu ya gauni, jicho, nusu ya benchi. Miaka yote Verlene alidhani ni picha za kalenda kuukuu. Alichukua mkasi.

"We mwanamke!" Ozella alimpiga kofi la mkono. "Unataka kuchana kazi ya mama yako? Weka hapo. Nyuzi ziko mbili. Huu mfupi umeunganisha kitambaa na kitambaa, huo ni haramu kuugusa. Huu mrefu ni bandi tu, unashikilia karatasi. Kata bandi, vuta taratibu. Karatasi inatoka, blanketi halijui."

"Mimi sijui kushona."

"Najua. Mji mzima unajua. Tangu lile pazia lako. Kata tu."

Kipande cha kwanza kilitoka. Verlene alikigeuza. Nyuma, kwa herufi nyeusi, kiliandikwa *Tolli*.

Wote wawili walipiga yowe. Kisha wakashika kazi. Feni ilibidi izimwe, maana ilipeperusha karatasi, na jiko la Verlene lilikuwa halina kiyoyozi tangu mwezi wa sita. Wakakaa wakitiririka jasho, vikongwe wawili wakiunganisha upepeo bila kuwa na kitu cha kujipepea. Saa tisa mvua ikanyesha kama kila siku, ikapiga bati, ikaondoka, ikaacha joto lilelile na mvuke juu.

"Tolli tena," alisema Ozella.

"Yangu ni ya Oktoba yote."

"Tolli ya tisa hii. Baba yako alilipenda jina lake. Namba iko wapi?"

Walipata *Mtaa wa*. Walipata *Plum*, nusu, kisha nyingine nzima. Walipata *1958* juu ya Januari. Kilichokataa kutokea kilikuwa namba, na Verlene alianza kuvuta nyuzi kwa pupa, kwani alijua Leander atasema Mtaa wa Plum ulikuwa mrefu. Ozella alimtilia chai ya baridi yenye sukari, akamwambia anywe na aache kuharakisha kazi ya watu.

Kipande cha ishirini na tatu kilitoka ukingoni. Verlene alikisoma, akakisoma tena, akamsogezea Ozella.

*ose na Lutie, wenye duka. Na. 27.*

"Na Lutie," alisema Ozella. "Ehe. Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nasema duka la Baba. Maisha yangu yote. Duka la Baba."

"Nani alikuwa anapasua barafu asubuhi, baba yako akiwa na mkokoteni mitaani? Wewe ulikuwa shuleni. Mimi nilikuwa naja na ndoo. Mikono ya mama yako ilikuwa imepasuka kama kiatu. Hakusema, maana hakuwa msemaji."

Verlene alishika ukingo wa blanketi. Pembeni palikuwa na pengo, na katika mfuko wa kushonea vipande vilivyobaki vimefungwa kwa uzi, tayari, vimeshapigwa bandi. Alivihesabu. Kumi na kimoja.

"Ozella. Karatasi hizi hutolewa lini?"

"Ukimaliza. Ukishafunga ukingo, unatoa zote unatupa. Mtu halali na karatasi."

"Mama alikuwa anashona blanketi zima majira mawili ya baridi. Hili lilimchukua miaka saba. Kila nikimuuliza ananiambia, bado kidogo. Vipande kumi na kimoja, Ozella! Vilimshinda nini?"

Ozella alitazama vile vipande, akamtazama mwenzake.

"Angemaliza, angelazimika kuzitupa," Verlene alisema. "Ndiyo maana hakumaliza. Na ndiyo maana alibeba mfuko usiku ule, nami nikamtukana." Aliinamisha uso juu ya viraka akalia kilio kikubwa, cha mtoto, na Ozella alimkalia karibu akimpigapiga mgongo, akimwambia lia shoga yangu, lia, ila usiloweshe karatasi.

Ijumaa saa tisa na robo walikuwa ofisini kwa Leander. Vipande tisa vilikuwa vimegandishwa juu ya kadibodi, mahali pake kila kimoja, na ulikuwa upepeo mzima, wenye mishono kama uso wa bondia. Leander alivaa miwani. Alisoma tangazo lote hadi chini, mpaka pale palipoandikwa kwamba duka hufunguliwa jogoo akiwika. Alipitisha kidole juu ya mwaka, juu ya mtaa, juu ya namba.

"Ishirini na saba," alisema.

"Nilikwambia," alisema Verlene.

"Uliniambia. Mtaa ulikuwa unaendelea. Nani mwingine alikuwa huko ng'ambo ya kumi na tisa?"

"Ishirini na moja, Bi Pinkie, msusi," alisema Ozella. "Ishirini na tatu, wale ndugu wa masanduku ya maiti. Ishirini na tano, wacha, huyo alikuwa anauza pombe ya magendo, lakini mpole."

"Na hao mna karatasi zao?"

Wanawake walitazamana. "Pepeo zilikuwa za watu wengi," Verlene alisema polepole. "Mama hakuchagua. Blanketi bado lina vipande mia nne."

Leander aliinuka, akampigia simu fundi wa mawe. Walimsikia akibembeleza, akicheka, akibembeleza tena. Aliporudi alisema fundi amekubali kuacha nafasi chini mpaka mwisho wa Septemba, lakini mstari wa arobaini na mbili ataanza nao leo. Alishika kalamu. "Niandike Ambrose Tolliver, barafu?"

"Hapana," alisema Verlene. "Andika kama ilivyo. Ambrose na Lutie."

Mwezi wa tisa wote walikata bandi. Alfajiri kabla ya jua kukaa sawa Ozella alifika, akaingiza gari kwenye maua ya Verlene, akaanza kuteta tangu mlangoni. Msusi alipatikana. Ndugu wa masanduku walipatikana, na mwenye mkate wa mahindi wa ng'ambo ya reli, ambaye walikuwa wamemsahau wote wawili. Muuza pombe hakuwa na tangazo, jambo linaloeleweka, lakini Ozella alimwombea msamaha kwa Leander kila wiki. Majina yalifika hamsini na matatu.

Jiwe lilisimamishwa Oktoba, Jumamosi yenye upepo kidogo. Verlene hakulia. Alivua glavu, akaweka kiganja juu ya mstari wa arobaini na mbili, jiwe likiwa bado na ubaridi wa asubuhi, akakaa hivyo mpaka Ozella akamwambia na wengine wanataka kuona.

Jioni ile alikaa mezani, blanketi mapajani, sasa laini, halilii tena likikunjwa. Vilibaki vile kumi na kimoja. Ozella alimtilia uzi kwenye sindano, akamwonyesha mshono mara tatu, akamcheka mara tatu.

"Mbona unashona kama unachimba mtaro?"

"Niache. Mama kaningoja miaka arobaini, na wewe ningoje nusu saa."

Alishona cha kwanza kikaenda upande. Ozella alitaka kukifumua, Verlene akamkatalia. Alishona cha pili. Kilipokaa, alikata bandi, akavuta karatasi, akaigeuza. *Tolli*. Aliiweka pembeni, akachukua cha tatu.

"Tunamaliza, Mama," alisema. "Bado kidogo."